Mfuniko wa Droo ya Dashibodi katika Land Cruiser ya Zamani

Kwa muda mrefu mfuniko wa droo ya dashibodi katika Land Cruiser yetu ulishikiliwa na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Abiria aliyeketi kushoto kwa dereva alionywa mapema asiuvute, na aliyesahau aliupokea mapajani pamoja na kila kilichokuwamo ndani. Gari lenyewe halikuwa na tatizo jingine la kulalamikia. Ni HJ60, katika ukoo wa Land Cruiser za mfululizo wa 60 ambazo Toyota ilizitengeneza kuanzia mwaka 1980 hadi 1990, lenye injini ya dizeli ya 2H, silinda sita, ujazo wa karibu lita 4, isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Baba mkubwa alilinunua katika mnada wa mradi uliokuwa umefunga shughuli zake hapa mkoani Tabora, akalitumia kwenda kwenye mizinga yake upande wa Sikonge na kurudi na madumu ya asali, kisha akanikabidhi alipoona magoti hayamruhusu tena kukanyaga klachi.

Mtu anayemiliki gari la umri huo mjini Tabora hapati shida ya injini. Mafundi wanaoifahamu 2H wapo, na wengine wanaweza kukueleza hali ya nozeli, yaani vile vipuliza dizeli, kwa kusikiliza tu mlio wa injini asubuhi. Shida huanza kwenye vitu vidogo ambavyo havina mwenyewe. Fundi wa injini akiuona mfuniko wa droo anakuelekeza kwa fundi bodi. Fundi bodi anaugonga kwa kucha, anasikia plastiki, anakuambia yeye ni mtu wa bati. Fundi umeme anauliza kama kuna taa ndani, na akisikia hakuna anarudi kwenye betri yake. Ndivyo mfuniko unavyobaki na ukanda wa tyubu mwaka baada ya mwaka, kwa sababu gari linatembea na hakuna anayelala njiani kwa ajili ya droo.

Nilipouchomoa hatimaye na kuuweka mezani ukiwa umegeuzwa, niliona kwamba haukuwahi kukosa watu wa kuushughulikia. Kwenye kona moja palikuwa na supaglu iliyokauka ikawa nyeupe kama magadi. Juu yake mtu mwingine alipitisha waya mwembamba wa shaba katika matundu aliyoyatoboa kwa msumari wa moto. Kwenye kona ya pili, skrubu ndogo ya kiwandani inayoshika bawaba ilikuwa imeondolewa na kuwekwa skrubu nene ya mbao, nayo ilikuwa imepasua kishina cha plastiki kilichotakiwa kuipokea. Kila aliyepita hapo alifanya kazi yake kwa bidii, na kila mmoja alifanya kazi ileile: aliunganisha palipoachana. Baada ya hapo paliachana tena, mara nyingi sentimita moja pembeni ya kiungo kipya.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Isevya, hapa hapa mjini, ambaye kazi yake ni kushona na kuchomelea bampa za magari madogo. Nilimpelekea mfuniko nikitarajia aniambie bei. Aliugeuza, akaupima uzito mkononi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, kisha akauliza: "Mwalimu, mikanda ya kuuzuia iko wapi?" Nikamjibu kwamba tangu nilipolijua gari sijaona mkanda wowote. Akanirudishia mfuniko bila kutaja bei. "Basi hata nikikuwekea plastiki mpya, utarudi," alisema. "Ukiufungua unaangukia wapi?"

Nilirudi nyumbani kutafuta jibu la swali hilo, na jibu lilikuwa pale pale kwenye gari. Mfuniko wa namna hii umefungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa chini, na unapofunguliwa unatakiwa usimame mahali fulani, ukishikiliwa na mkanda au mkono mwembamba wa kuuzuia. Kizuizi hicho kikikosekana, mfuniko unaendelea kushuka hadi kisigino chake, yaani sehemu fupi iliyo nyuma ya bawaba, kinapogonga chini ya dashibodi. Kuanzia hapo umegeuka kuwa wenzo. Kwenye gari langu, kutoka bawaba hadi ukingo wa nje ni takriban sentimita 20, na kutoka bawaba hadi kisigino kinapogusa ni takriban sentimita 2. Mtu akiweka chupa ya maji ya lita moja na simu zake mbili kwenye ukingo wa nje, au akiegemeza mkono tu, nguvu inayozivuta skrubu za bawaba inakaribia mara 10 ya uzito huo. Kilo 2 zinakuwa kilo 20, na zinaning'inia kwenye vishina viwili vya plastiki ambavyo kila kimoja si kinene kuliko kidole cha mtoto. Hakuna gundi inayouzwa dukani iliyokusudiwa kubeba mzigo wa aina hiyo kila siku, tena juu ya barabara ya vumbi yenye mawimbi.

Jambo la pili lilikuwa kitasa. Kwa kuwa bawaba ilikuwa imelegea upande mmoja, mfuniko ulikaa umeinama, na ulimi wa komeo haukuingia kwenye mdomo wake sawasawa. Ili ufunge ilibidi uusukume kwa kiganja, na kwa nguvu. Kila aliyeufunga aliutikisa kwenye kona zilezile zilizokwisha kupasuka. Nikaanza kuelewa kwa nini waliotangulia hawakushinda: palipovunjika palikuwa panapokea kipigo mara mbili, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga.

La tatu lilitoka ndani ya droo yenyewe. Baba mkubwa alikuwa na desturi ya kuweka humo kila kitu ambacho dereva wa porini anakihitaji, na katika vitu hivyo mlikuwa na chupa ya mafuta ya breki ambayo kifuniko chake hakikubana. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, yanakula rangi ya gari, jambo ambalo kila fundi analijua. Kinachosahaulika ni kwamba yanaathiri pia baadhi ya plastiki, hasa pale ambapo plastiki hiyo tayari imebeba mkazo. Petroli hufanya vivyo hivyo. Nyufa ndogo ndogo, nyembamba kama unywele, zilikuwa zimetanda hasa sehemu ya chini ambako mafuta yalitiririkia.

Juu ya yote hayo kuna jua. Tabora ipo kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua lake halina huruma. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa uwanjani linaweza kuwa na dashibodi yenye joto linalozidi nyuzi 60. Plastiki nyingi za dashibodi za miaka ile ni za aina ya ABS, ambayo uimara wake unatokana na chembe ndogo za mpira zilizochanganywa ndani yake. Mwanga wa jua na hewa huzishambulia chembe hizo kuanzia juu, na zikishaharibika, kinachobaki ni ganda gumu linalokatika badala ya kupinda. Upande wa ndani wa mfuniko, ambao haukuona jua, bado ulikuwa na rangi yake ya asili na ulikwangulika kwa kisu bila kumeguka. Hilo lilinipa matumaini, kwa sababu kazi yote ya kuimarisha ingefanyika upande huo.

Ndugu na marafiki walinishauri ninunue mwingine. Ushauri huo una mantiki, na kwa gari la kila siku ningeufuata. Lakini mfuniko uliotumika, utakaoupata maeneo ya Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam ukibahatika, una umri uleule na umechomwa na jua lilelile. Unanunua nyufa za mtu mwingine. Wanaouza kupitia mitandao kutoka nje nao mara nyingi wanauza vilivyotoka kwenye magari ya usukani wa kushoto, ambayo dashibodi yake imegeuzwa, hivyo mnunuzi asipouliza kwanza anaweza kupokea kitu kisichokaa. Na hata ukiwa mpya kabisa, bila mikanda ya kuuzuia ungevunjika palepale. Nikaamua kutengeneza, kwa mpangilio ambao mzee wa Isevya alikuwa ameuanzisha kwa swali lake.

Kabla ya kugusa gundi yoyote ilibidi nijue plastiki ni ya aina gani, kwa sababu gundi na plastiki zina urafiki na uadui wake. Siku hizi vipande vya plastiki vya magari hupigwa chapa ya herufi upande wa ndani. Mfuniko wangu haukuwa na chapa. Nilikwangua kipande kidogo kwenye ubavu wa ndani usioonekana, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ili mapovu yasikishikilie. Kilizama. Polipropilini, plastiki ambayo hutumika sana kwenye bampa za siku hizi na ambayo karibu haishikwi na gundi ya kawaida, ni nyepesi kuliko maji na ingeelea. Kisha nikagusa kipande hicho kwa pamba yenye asetoni, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha. Kililainika na kuwa cha kunata. Vipimo hivyo viwili, ambavyo havikunigharimu chochote, vilinielekeza kwenye ABS. Kwa mtu mwenye polipropilini mkononi, kila nitakachokieleza kuhusu gundi kuanzia hapa hakitamsaidia. Atafute mtu wa kuchomelea kwa joto kwa kutumia plastiki ya aina ileile.

Kuna jambo kuhusu kuchomoa ambalo ningependa lisipuuzwe. Plastiki kuukuu ikiwa na baridi hukatika upesi zaidi, na asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu si za mchezo. Kazi yote ya kufungua niliifanya mchana, gari likiwa limekaa juani kwa saa kadhaa, ingawa kukaa ndani yake kulikuwa adhabu. Skrubu zilizoshika kutu sikuzimwagia mafuta ya kulegeza, kwa sababu ileile ya mafuta ya breki. Nilizigusa kwa ncha ya chuma cha kulehemu kilichopashwa moto, zikapanuka kidogo, zikapoa, zikatoka kwa bisibisi iliyokaa sawasawa kwenye kichwa chake. Bisibisi iliyolika makali ndiyo inayoharibu vichwa vya skrubu, na katika magari ya zamani kichwa kilichoharibika ni kazi nyingine inayojitegemea.

Mfuniko ulikuwa pia umepinda kama upinde, kwa kuwa joto na ukanda wa tyubu viliuvuta katikati kwa miaka. Ukiunganisha kitu kilichopinda bila kukinyoosha, umeufunga ule mvuto ndani ya kiungo. Nilimwagia maji ya moto, yaliyochemka na kuachwa yatulie kidogo, hadi plastiki ikaanza kutii mkono, nikaubana kati ya vipande viwili vya mbao za mninga nilivyoviomba kwa seremala jirani, nikauacha hadi kesho yake. Mninga nimeutaja kwa sababu ulikuwa karibu, mkavu na ulionyooka. Mbao yoyote yenye sifa hizo ingetosha.

Kisha ikaja kazi ya kuondoa kazi za wengine. Supaglu lazima iondoke yote. Ikikauka inakuwa ngumu lakini haivumilii mtikisiko wala kubanduliwa, na gundi nyingine ikimwagwa juu yake inashika supaglu na siyo plastiki. Niliikwangua kwa kisu na msasa, nikang'oa waya wa shaba, nikaosha kila kitu kwa maji ya sabuni, nikakausha, nikafuta kwa spiriti. Mwisho wa kila ufa nilitoboa tundu la milimita 2. Ufa husafiri kwa sababu ncha yake ni kali na mkazo wote unakusanyika hapo. Tundu la mviringo linausambaza mkazo na ufa unakosa mahali pa kuendelea. Mafundi wa bodi hufanya hivyo hata kwenye bati, na ninashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuufanyia mfuniko huu. Baada ya matundu, nilipanua nyufa kwa upande wa ndani zikawa na umbo la V, ili gundi iwe na mahali pa kukaa.

Kwa nyufa ndefu nilifuata njia ya mzee wa bampa, ambaye safari hii alikubali kunionyesha. Alichukua wavu wa chuma kisichoshika kutu uliotolewa kwenye chujio la chai, akaukata vipande vyembamba, akaviweka juu ya ufa kwa upande wa ndani, na kwa chuma cha kulehemu akavizamisha taratibu kwenye plastiki iliyoyeyuka hadi wavu ukafunikwa. Kazi hiyo hufanyika nje. Moshi wa ABS una harufu nzito na haufai kuvutwa; tulikaa chini ya mwembe, upepo ukiwa nyuma yetu, na hata hivyo alinikemea kila nilipoinamisha uso karibu ili nione vizuri. Ustadi wote upo katika joto. Chuma kikiwa cha moto mno plastiki inabadilika rangi na kufanya mapovu, na sehemu hiyo inakuwa dhaifu kuliko ufa wenyewe. Alikuwa anakipoza kwenye kitambaa chenye maji kila baada ya kukigusisha mara chache, bila haraka.

Vishina vya skrubu ndivyo vilivyokuwa kiini cha jambo, kwa kuwa kimoja kilikuwa kimepasuka na kingine hakikuwapo kabisa. Hapo nilitumia gundi ya epoksi, ile inayouzwa katika mirija miwili. Nilichagua inayochelewa kukauka na kuiacha ile ya dakika 5, kwa sababu mbili: inayochelewa kwa kawaida huwa na nguvu zaidi, na joto la Tabora huharakisha kila gundi ya aina hii, kiasi kwamba ile ya haraka inaweza kuganda kwenye kifuniko cha chupa unachochanganyia kabla hujageuka. Vipimo vya mirija vilikuwa sawa kwa sawa, na nimewaona watu wakiongeza ule wa kukaushia wakidhani itakuwa ngumu zaidi. Haiwi. Ziada isiyopata mwenzake inabaki ndani kama ulaini usiokwisha.

Ili kupata kishina kipya chenye njia ya skrubu, nilitumia kitu ambacho Tabora hakiwezi kukosekana, nta ya nyuki. Mkoa huu unajulikana kwa asali, na penye asali pana nta; ile ya baba mkubwa ilikuwa imekaa stoo katika bonge la rangi ya kahawia. Epoksi haishiki kwenye nta. Nilipasha skrubu ya kiwandani joto kidogo, nikaigusisha kwenye bonge, nikaifuta hadi ikabaki na utando mwembamba tu kwenye nyuzi zake. Nikaisimamisha mahali pake kupitia tundu la bawaba, bawaba nayo ikiwa imepakwa nta, nikajaza epoksi kuizunguka, ikiwa imechanganywa na nyuzi fupi za faiba zilizokatwa kwa mkasi. Kesho yake skrubu ilitoka kwa bisibisi bila ugomvi, ikaacha nyuzi kamili ndani ya kishina. Tahadhari ni moja tu: nta isiguse plastiki inayotakiwa kushikwa. Vidole vyenye nta vinaweza kuharibu maandalizi yote, hivyo nilipaka nta kwenye chumba kingine na kunawa kabla ya kuchanganya gundi.

Hata hivyo sikuiamini epoksi peke yake, na sababu ni ileile ya jua. Gundi nyingi za epoksi zinazokauka bila kupikwa huanza kulainika zikifika nyuzi 50 hadi 60, na tumekwisha kuona kwamba dashibodi hapa inaweza kufika huko bila taabu. Kiungo kinachoonekana imara asubuhi kinaweza kuwa kinateleza saa nane mchana. Kwa hiyo nilikwenda kwa mafundi wa masufuria, nikapata ukanda wa aluminiamu wenye unene wa kama milimita 1.5, nikaukata uenee upande wa ndani wa mfuniko kutoka kishina hadi kishina, nikaukwaruza kwa msasa, nikaulaza kwenye gundi na kuufunga kwa boliti ndogo zenye washa pana. Skrubu za bawaba sasa zinapita kwenye kishina na kuingia kwenye aluminiamu. Mvuto ukija, unagawanyika kwenye upana mzima wa mfuniko badala ya kukusanyika kwenye kona mbili. Kama ningeambiwa nichague kati ya ukanda huo na gundi bora kuliko zote, ningechagua ukanda.

Mikanda ya kuzuia niliipata kwa fundi viatu karibu na soko kuu. Alikuwa na vipande vya mkanda wa kiti cha gari, na alinicheka nilipomwambia vinatakiwa kufanya nini, lakini alivishona kwa uzi wake wa nailoni na kutia macho ya chuma kwenye ncha. Nilitaka miwili, mmoja kila upande. Mkanda mmoja unauzuia mfuniko upande mmoja na kuuacha upande wa pili uendelee kushuka, na huko ni kuusokota, jambo ambalo plastiki hulichukia zaidi ya kuvutwa. Urefu wake niliupata kwa kufungua mfuniko polepole hadi kisigino kilipokaribia kugusa, nikarudi nyuma nafasi ya unene wa kidole, nikafunga hapo. Droo sasa haifunguki sana kama zamani. Mtu mwenye mkono mkubwa hulalamika kidogo, na mimi humwachia alalamike.

Kitasa kilinichukua muda kuliko nilivyofikiri, ingawa hakikuwa kimeharibika. Bawaba iliponyooka, ulimi ulipanda juu kidogo ya mdomo wake. Badala ya kukata kwa tupa, nililegeza skrubu za bamba linaloupokea ulimi, nikalisogeza kwa vipimo vidogo, kila mara nikifunga mfuniko juu ya kipande cha karatasi na kukivuta. Panapotoka bila kukwama pana mwanya. Panapochanika pamebana mno. Ilipofika mahali ambapo karatasi ilitoka kwa ukinzani unaolingana pande zote, mfuniko ulifunga kwa kidole kimoja. Kelele za kutikisika nilizimaliza kwa vipande vidogo vya kandambili zilizochakaa, vilivyobandikwa kwenye kona nne za fremu. Povu la kandambili ni laini kiasi cha kumeza mtikisiko na gumu kiasi cha kutobonyea likabaki hivyo.

Rangi sikuishughulikia. Upande wa nje bado una mistari ya nyufa iliyojazwa, na ukiuangalia kwa makini unaiona. Rafiki yangu anayependa magari ya maonyesho aliniambia ni dhambi kuacha hivyo. Mimi naona ni faida, kwa kuwa ufa ukianza kutembea tena nitauona siku hiyohiyo, jambo ambalo koti nene la rangi lingenificha hadi mfuniko udondoke. Pia rangi za kupuliza zina viyeyushi vikali ambavyo vinaweza kuishambulia ABS iliyochoka, na baada ya kazi yote ile sikuwa na hamu ya kujaribu.

Baba mkubwa alikuja kulikagua gari kabla hatujaelekea Sikonge kuangalia mizinga. Alifungua droo, akafunga, akafungua tena. "Na mafuta yangu ya breki umeyapeleka wapi?" aliuliza. Nikamwonyesha kisanduku cha bati nilichokifunga kwa boliti nyuma ya kiti, chenye spana, kamba, mafuta na kila kizito kilichokuwa kikiishi kwenye dashibodi. Alikubali kwa shingo upande. Ndani ya droo sasa mna kadi ya gari, kalamu, tochi ndogo na daftari la safari za gari, ambalo kurasa zake za mwanzo zimeandikwa kwa mkono wa dereva wa mradi tusiyemfahamu. Barabara za kuingia kwenye misitu ya miombo zina mawimbi ya kutosha kupima kazi ya fundi yeyote, na tuliporudi nilifungua skrubu za bawaba nusu mzunguko na kuzikaza tena, kusikia kama zimelegea. Hazikuwa zimelegea.

Kilichobaki ni ufunguo. Kitasa kina tundu lake, lakini ufunguo uliokuja na gari haufungui, na fundi wa funguo wa pale sokoni amesema anahitaji kukitoa chote ili asome meno yake ndani. Kukitoa kunahitaji kuzungusha pete iliyokaza nyuma ya mfuniko, sentimita chache kutoka kwenye ukanda mpya wa aluminiamu. Nimemwambia tutafanya Oktoba, mchana, plastiki ikiwa na joto.